Mama ana uvimbe kwenye titi, daktari anasema akatwe, mjomba anasema kisu kinaamsha kansa. Wana Mtwara na Lindi mliopitia hili njooni

#1 Mtoto wa Kitangari
Habari za jioni wakuu. Nitaandika kirefu mnisamehe, sijalala vizuri wiki nzima.
Mama yangu ana miaka 54. Wakati wa palizi alishika kinundu titi la kushoto, hakiumi, kama korosho mbichi hivi ukiibonyeza inakwepa. Akanyamaza. Wamama wa kwetu mnawajua. Tumefika msimu wa kupuliza mikorosho ndo dada akamfuma anajipaka mafuta ya mnyonyo pale pale kwenye uvimbe, kumbe anajitibu kimya kimya miezi minne.
Tukampeleka hospitali (siitaji), wakachoma sindano, baadae wakakata kinyama, tukasubiri majibu wiki tano. WIKI TANO wakuu. Yametoka: ni kansa, hatua ya pili. Daktari kasema titi lote litolewe na tezi za kwapani zisafishwe, halafu dawa zitafuata.
Sasa kwetu mnajua, mjomba ndo kila kitu, baba ni mgeni tu wa heshima. Mjomba kaitisha kikao kasema hakuna kukata, kisu kinaamsha kansa iliyolala. Anamjua fundi mmoja ng'ambo ya Ruvuma anatoa uvimbe kwa majani, siku arobaini, hana haja ya wembe. Na hela ya korosho ya mama iko mikononi mwake.
Mi sipingi dawa za kienyeji, nimekulia humo. Nauliza tu kuna mtu kafanya vyote viwili? Kipi kinaanza?

#2 Mzee wa Ming'oko
Siti ya mbele. Pole sana mkuu, wataalamu wanakuja.

#3 Pweza Mkavu
Mjomba wako yuko sahihi asilimia mia na watu watakuja hapa kumtukana. Shangazi yangu wa Lindi mjini alikuwa anatembea vizuri, anaenda sokoni, anapika vitumbua. Kapelekwa kukatwa tumbo kwa ajili ya uvimbe, hewa ikaingia, miezi saba tukamzika Mitwero. Angeachwa na uvimbe wake angekuwepo. Hii kitu ikilala usiiguse.

#4 Tabibu wa Kata
Pweza pole kwa msiba. Naomba nikuulize kwa heshima, alipofunguliwa walikuta imefika wapi?

#5 Pweza Mkavu
Walisema imeshafika kwenye ini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anatembea!

#6 Tabibu wa Kata
Ndo hapo mkuu. Mi sio bingwa, ni tabibu wa kawaida tu kwenye kituo cha afya, ila hii ya hewa nimeisikia mpaka basi. Kansa ikishafika kwenye ini haikupanda juzi, imechukua miezi mingi au miaka huku mtu anapika vitumbua. Huku kwetu watu wanakuja kwa daktari wakiwa wa mwisho mwisho, anafunguliwa, inaonekana imeshatapakaa, anafungwa, anakufa, halafu anayeshtakiwa ni kisu. Hewa haina inachomfanyia kansa.
Ila nisiwe muongo, ziko sehemu ambazo kisu kikitumika vibaya kinasambaza kweli. Mwaka 2014 Wamarekani walitoa onyo kuhusu kile kimashine cha kusagia vivimbe vya kizazi tumboni, maana ikitokea kimoja kilikuwa kansa iliyojificha unaitawanya yote. Na uvimbe wa korodani madaktari hawauchomi sindano kupitia mfuko wenyewe kwa sababu hizo hizo. Kwa hiyo mjomba hajaota. Ila titi la hatua ya pili linatolewa zima pamoja na nyama iliyolizunguka, hakuna anayesaga kitu mle.

#7 Mzee wa Ming'oko
Tabibu umeongea kistaarabu mpaka nimekutilia mashaka.

#8 Bi Mkubwa wa Shangani
Wanangu hamjambo. Mimi nimekatwa. Titi la kulia, mwaka 2011, ule mwaka wa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, nakumbuka maana nusu ya ukoo ilikuwa inachangishana nauli ya kunipeleka kwa Babu na nusu ya kunipeleka Dar. Waliotaka Dar wakashinda kwa sababu moja tu, mwanangu mkubwa alikuwa na gari ya mizigo inaenda Kariakoo.
Mwanangu wa Kitangari nakwambia usichokisikia kikaoni. Kukatwa kwenyewe sio kubaya kama mnavyofikiri. Unalala, unaamka, umefungwa bandeji na mrija mdogo unatoa maji kwenda kwenye kichupa, unatembea na kichupa chako siku kadhaa kama mkoba. Kilichonisumbua ni mkono. Usipoufanyia mazoezi unaganda. Nilikuwa napandisha vidole ukutani kama mjusi kila asubuhi, nachora alama ya mkaa nilipofika, kesho napita alama. Mpaka leo nachota maji kisimani ila ndoo kubwa sibebi mkono huo, ukivimba unachelewa kurudi.
Dawa ndo shughuli. Kuna ile nyekundu, ukikojoa mkojo mwekundu, nywele zote chini. Jirani akasema nimerogwa nakojoa damu. Baada ya hapo kidonge kimoja kila siku miaka mitano, tamoksifeni.
Na mitishamba nilitumia! Habasoda, manjano, tangawizi, mlonge. Daktari aliponiuliza nikamtajia yote, akaniambia simamisha wiki mbili kabla ya kisu kwa sababu manjano mengi na vitunguu saumu vinaweza kufanya damu isigande. Tangawizi akaniruhusu baadae kwa kichefuchefu, na kweli ilinisaidia kuliko chochote. Mlonge akasema subiri dawa ziishe. Sikufichana naye. Wenzangu wodini walikuwa wanaficha chupa chini ya kitanda.

#9 Mtoto wa Kitangari
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeisoma mara tatu na nimemsomea dada. Asante.

#10 Korosho Gredi Wani
Mnazungumzia tiba hamzungumzii chanzo. Chanzo ni SALFA ya kupuliza mikorosho. Kila mwaka mwezi wa sita mpaka wa nane tunavuta ule unga wa njano, macho yanawaka, kifua kinawaka, nguo unavua unaziweka chumbani unapolala. Mnategemea nini? Babu zetu hawakupuliza na hawakuwa na kansa.

#11 Mwana Msimbati
Salfa ipo toka zamani mbona. Mi nasema gesi. Toka waanze kuchimba kule kwetu magonjwa yamekuwa mapya mapya.

#12 Korosho Gredi Wani
Kitangari na Msimbati wapi na wapi? Gesi imepanda basi?

#13 Mwana Msimbati
Bomba limepita mpaka Dar, Dar nako si ndo kuna kansa nyingi zaidi? Fikiri.

#14 Mzee wa Ming'oko
Dar kuna kansa nyingi kwa sababu hospitali ya kansa iko Dar mkuu 😂 ni kama kusema hospitali ya Ligula kuna wagonjwa wengi kuliko sokoni.

#15 Nesi Mstaafu Nachingwea
Nimecheka. Ming'oko leo umetumia akili.
Kuhusu chanzo: salfa inachoma macho na mapafu, hilo nimeliona kwa macho yangu kila msimu, vaeni barakoa na mvue nguo nje. Ila kuiunganisha na kansa ya titi sijaona popote penye uthibitisho. Yanayojulikana kwa titi ni umri kwenda, ndugu wa damu kuugua, pombe, unene hasa baada ya hedhi kukoma, kutozaa au kuzaa mtoto wa kwanza umri umeenda. Na wengine hawana hata kimoja kati ya hivyo na wanaugua. Na kabla hajaja mtu: kuweka noti au simu kwenye sidiria hakuleti kansa.

#16 Dada wa Mnazi Mmoja
Aah nesi umenisaidia, mume wangu ananikataza kuweka hela kwenye sidiria kila siku kwa hoja ya kansa kumbe anazitafuta yeye.

#17 Rondo Juu
Turudi kwenye mada. Watu wanadharau majani wakati hizo hizo dawa za hospitali zimetoka kwenye majani. Kuna lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano linaota makaburini na mbele za nyumba, asili yake Madagaska hapo mbele ya bahari yetu. Wametoa humo vinkristini inatibu kansa ya damu ya watoto. Na paklitakseli imetoka kwenye ganda la mti wa Marekani. Sasa kama mzungu akichuma ni dawa, fundi wa ng'ambo akichuma ni ushirikina kwanini?

#18 Tabibu wa Kata
Rondo hapo una hoja na sibishi, ni kweli zote mbili. Tatizo ni kipimo. Kupata gramu moja ya dawa kwenye ua lile wanatumia majani makavu mamia ya kilo, na mgonjwa anapewa miligramu moja au mbili, ikizidi kidogo mishipa ya fahamu inakufa ganzi. Ukichemsha sufuria nyumbani hujui umekunywa kidogo kisichofanya kitu au umekunywa sumu. Kwa hiyo simdharau fundi. Namuuliza kiasi gani na anajuaje.
Halafu mstafeli, maana najua unakuja. Majani ya mstafeli yanatembea kwenye simu kila siku kuwa yanaua kansa mara elfu kumi. Kwenye maabara yameua seli kwenye sahani, hata jiki inaua seli kwenye sahani. Kule kisiwa cha Guadeloupe watu waliokunywa na kula sana mstafeli wamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kula tunda lako kwa raha, ila usinywe chai ya majani yake mwaka mzima.

#19 Rondo Juu
Sikuwa nakuja na mstafeli. (Nilikuwa nakuja nao.)

#20 Chuno Boy
Mnamkumbuka tajiri wa Apple, Steve Jobs? Alikataa oparesheni akala matunda na juisi akafa mwaka huo huo 2004. Hela zote zile. Mkuu wahi kisu.

#21 Nesi Mstaafu Nachingwea
Chuno rekebisha. Aligundulika 2003, akachelewa miezi tisa na vyakula vyake, akakatwa 2004, akafariki Oktoba 2011. Na yake haikuwa ile kansa ya kongosho ya kawaida inayoua haraka, ilikuwa aina ya polepole. Kama ile miezi tisa ndo ilimmaliza hakuna anayeweza kuapa. Tusimtie hofu kijana kwa habari nusu.

#22 Mchinga Moja
Bi Mkubwa katonesha kidonda cha Loliondo. Baba yangu alikwenda Samunge kwa huyo Babu 2011, kikombe shilingi 500, nauli na kulala njiani tuliuza mbuzi wote. Alikuwa na uvimbe wa shingo. Akarudi anasema amepona, akaacha kwenda hospitali, mwaka uliofuata hawezi kumeza. Simlaumu Babu, ameshatangulia mbele ya haki 2021 na mzee wangu alikunywa kwa imani yake. Ninachojilaumu ni kwamba sisi watoto tulifurahi tukaacha kumuuliza. Mtu mzima akisema nimepona unamwambiaje fungua mdomo nione?

#23 Dada wa Mnazi Mmoja
Pole sana Mchinga.
Mleta uzi, nimesoma posti zote, nimesikia daktari, mjomba, fundi, salfa na gesi. Mama mwenyewe anasemaje?

#24 Mtoto wa Kitangari
Dada swali gumu. Mama kanyamaza. Anasema nyie amueni.

#25 Dada wa Mnazi Mmoja
Hilo sio jibu la mama, hilo ni jibu la mwanamke aliyekaa kwenye kikao cha wanaume saba.

#26 Mhasibu wa Amcos
Naona hakuna aliyeleta takwimu ngoja nilete. Chuo cha Yale Marekani walitoa utafiti 2018, wakachukua watu 281 wenye kansa ambazo hazijasambaa walioamua tiba mbadala TUPU, hakuna kisu hakuna dawa, wakawalinganisha na waliotibiwa kawaida. Hatari ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa kansa ya titi peke yake zaidi ya mara tano.

#27 Rondo Juu
Marekani hiyo. Majani yao sio ya fundi wa ng'ambo. Na labda waliokataa hospitali walikuwa maskini waliochelewa.

#28 Mhasibu wa Amcos
Hapana, walikuwa na kipato kizuri zaidi na wasomi zaidi, na vijana zaidi. Ila nikupe na ya kukufurahisha: watafiti hao hao mwaka huo huo wakaangalia waliotumia VYOTE VIWILI. Nao walikufa zaidi, lakini walipochimba ndani wakakuta sababu ni kwamba wengi wao walikataa sehemu ya tiba, huyu kakataa kisu, huyu kakataa dawa. Ukiitoa hiyo ya kukataa, tofauti inapotea. Kwa maana nyingine majani hayakumuua mtu, kilichoua ni nafasi iliyochukuliwa na majani.

#29 Pweza Mkavu
Takwimu hazijamzika shangazi yangu, mimi nimemzika.

#30 Mama Pacha Nyangao
Mi nina swali tofauti kidogo, kwanini titi lote? Nimesikia siku hizi wanatoa kinundu tu titi linabaki.

#31 Nesi Mstaafu Nachingwea
Swali zuri mama. Ni kweli, na sio jambo jipya, walifuatilia wanawake miaka 20 majibu yakatoka 2002: kutoa kinundu na kupiga mionzi, au kutoa titi zima, wanaishi sawa tu. Lakini soma hapo kwenye NA KUPIGA MIONZI. Mionzi ni siku tano kwa wiki, wiki tatu mpaka tano au zaidi, na sisi wa kusini mionzi ni mpaka hospitali ya kansa ya Ocean Road. Unalala kwa nani Dar wiki tano? Unakula nini? Kwa hiyo mwanamke wa Masaki anaulizwa unataka kubaki na titi lako, mwanamke wa Newala mara nyingi anaulizwa na umbali. Na hata ukitoa titi zima, kama tezi nyingi za kwapani zina ugonjwa bado unaweza kuambiwa mionzi. Mleta uzi muulize daktari hili kabla ya kusaini, na uulize kama wanaweza kuanza na dawa uvimbe usinyae kwanza. Na omba wapime kile kinyama kama kansa inakula homoni, ndo inaamua kama atapewa vile vidonge vya Bi Mkubwa.

#32 Mama Pacha Nyangao
Umbali usiuseme. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, dada yangu alikuwa anatakiwa Dar kwa mzunguko wa tatu wa kemo, zile dawa za kansa. Tumekaa stendi na begi, magari hayaendi, wengine wanazungukia Songea, nauli imepanda, yeye kavaa kilemba kuficha kichwa anatapika kwenye mfuko. Akarudi nyumbani. Hizo siku za kusubiri ndo alianza kunywa dawa za mchuuzi mmoja wa mnadani, chupa elfu thelathini. Sio kwamba hakuiamini hospitali. Mchuuzi alikuwa mita hamsini.

#33 Dereva wa Masasi
Mama Pacha hiyo ya mita hamsini imenikaa.
Mi niwatetee mafundi kidogo. Mama mkwe alikuwa na uvimbe titi, fundi wa Tandahimba akamshika akasema hili sio langu, langu ni lile lenye usaha, hili gumu mpelekeni hospitali. Hakuchukua hata mia. Wapo wa hivyo. Na yupo mwingine Masasi anajisifu kaponya kansa za matiti kumi na mbili. Nikamuuliza nani alipima kama zilikuwa kansa? Akaniangalia kama nimemtukania mama. Maana vinundu vingi vya titi sio kansa, kuna vya maji vinakuja na kuondoka vyenyewe na mwezi, wasichana wana vile vya kutelezateleza. Ukinywa magadi kikiondoka, magadi yameponya kansa.

#34 Chuno Boy
Na tezi dume je? Mzee wangu kaambiwa ana kansa ya tezi dume lakini asikatwe, waangalie tu kwa vipimo. Mbona mama akatwe mzee asikatwe?

#35 Tabibu wa Kata
Kwa sababu kansa ni jina moja la magonjwa mengi. Tezi dume nyingine zinatambaa kama konokono, mzee anakufa na uzee wake akiwa nayo. Ila hakikisha hivyo vipimo anaenda kweli, kuangaliwa sio kusahaulika. Fungua uzi wako mkuu tutakuja.

#36 Mtoto wa Kitangari
Nimerudi wakuu. Kikao cha pili kilikuwa jana.
Nilimpeleka mama pembeni kwanza kama alivyosema dada wa Mnazi Mmoja, nikamuuliza. Akaniambia yeye haogopi kisu, anaogopa kuoshwa akifa akiwa na titi moja waoshaji waseme. Sikujua nijibu nini. Dada akampigia simu Bi Mkubwa (asante kwa namba inboksi) wakaongea saa nzima, sijui waliongea nini, walikuwa wanacheka.
Kikaoni mjomba akaanza tena na kisu kuamsha kansa. Mama akainua kichwa akasema, "Kaka, wewe ulipokatwa busha kambini Lindi, kisu kiliamsha nini?"
Wakuu. Nyumba nzima kimya. Halafu bibi akaanza kucheka, basi ikawa imeisha.
Haijaisha kabisa lakini. Mjomba kakubali kukatwa ila anataka fundi amuone kwanza wiki moja, amfunge hirizi tu, hakuna kunywa. Na mama mwenyewe anasema atakatwa ila dawa nyekundu hataki, nywele zake hataki zitoke. Tarehe ya oparesheni ni Jumanne ya wiki ijayo kwa hiyo hiyo wiki ya fundi inagongana nayo.

#37 Pweza Mkavu
Busha ni maji, sio kansa. Mama kashinda kwa ujanja sio kwa hoja.

#38 Mzee wa Ming'oko
Pweza kubali. Kuna mwanaume wa kusini anaweza kujibu hoja ya busha mbele ya mama yake?

#39 Nesi Mstaafu Nachingwea
Hirizi ifungwe leo jioni, Jumanne iko pale pale. Tarehe ya chumba cha upasuaji ukiiacha hujui utapata lini nyingine. Mlangoni wataibandika plasta au wataivua wampe dada ashike, wamezoea. Dawa nyekundu mtaongea nae baadae, jambo moja moja.

#40 Rondo Juu
Na akitoka mimi namletea mlonge wangu mwenyewe. Baada ya dawa kuisha nesi, nimeelewa.

#41 Bi Mkubwa wa Shangani
Mwanangu, mwambie dada amtafutie blauzi za kufungua mbele, mbili tatu, mkono hautapanda kuvaa za kichwani. Na ashone kamto kadogo ka sufi kama mkate wa kumimina, akaweke kwapani siku ya kurudi nyumbani, maana barabara ya huko kwenu naijua na lile basi nalijua.